Spika Nne za Mwalimu wa Kwaya

Tulipomzika Mama Nderingo mwezi uliopita pale Kimandolu, mama mmoja niliyekaa naye chini ya turubai alinitazama, akageuka, akanitazama tena, mwishowe akauliza, "Wewe si yule binti wa spika?" Mimi nina wajukuu. Nimeendesha duka langu mwenyewe mjini hapa mpaka magoti yalipogoma, nimekuwa mweka hazina wa vikundi ambavyo vingine hata majina nimeyasahau, lakini kwa watu wa usharika ule nimebaki binti wa spika. Nikakubali kwamba ndiye mimi. Akanishika mkono, tukatulia kusikiliza kwaya, na kijana wa mitambo akaipandisha sauti mpaka mbwa wa majirani wakalalamika. Watu wa siku hizi wanadhani msiba usiposikika Tengeru haujafanyika. Tangu siku hiyo mwaka ule wa spika umekuwa ukinijia nikiwa napika, nikiwa nasali, nikiwa nimeshika simu nasubiri huduma kwa wateja ya kampuni fulani, ambako mashine huniambia nibonyeze moja, kisha mbili, kisha nyota, na mtu hayupo. Hapo ndipo humkumbuka Mzee Sefu, aliyeniajiri kufanya kazi hiyo kabla yeye mwenyewe hajajua ni kazi gani.

Duka lake lilikuwa jembamba, karibu na Soko Kuu, maboksi yamepangwa mpaka dari, na ndani kulinukia plastiki mpya na pilau iliyoletwa mchana kutoka nyumbani kwake Kijenge. Alikuwa mtu wa Pangani aliyekuja Arusha angali kijana, akauza kanga, akauza betri, akauza redio, na biashara ilipofunguliwa milango yote akaingia kwenye kompyuta bila kujua kuiwasha. Ilikuwa miaka ambayo watu niliowaona utotoni wakipanga foleni ya sabuni sasa walisimama mbele ya kioo wakibishana kuhusu rangi ya rimoti. Duka jirani liliajiri msichana wa kuvaa sketi na kusema karibu, basi Mzee Sefu naye akaajiri wake. "Huduma kwa wateja," aliniambia siku ya kwanza, huku anajifuta mchuzi vidoleni. "Sijui hasa inafanywaje, lakini wenzetu wanayo. Wewe umesoma, itafute." Fundi wetu Joakim, Mchaga wa Machame mwenye maneno mengi kuliko nyaya zake, aliniita Bi Huduma tangu saa hiyo, na jina halikunitoka mpaka nilipoacha kazi.

Nikaitafuta. Bidhaa iliyotoka sana mwaka ule ni spika za kompyuta za kuzunguka: ndogo nne za kuweka kwenye pembe za chumba, na sanduku moja la besi ambalo kila mtu aliliita sabufa. Boksi lake lilikuwa na picha ya mzungu kwenye kochi, mishale ya sauti ikimjia kutoka huku na huku. Nilikariri kila kilichoandikwa pale: wati, rimoti, urefu wa nyaya, tundu la kijani la spika za mbele na tundu jeusi la spika za nyuma. Nilikariri kama mafundisho ya kipaimara, na nilijivuna. Wateja walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu wakalinyanyua sanduku la besi kupima uzito. Zito ndilo zima, jepesi ni la kuchezea watoto; huo ndio ulikuwa uchunguzi, na ofisa wa benki aliufanya sawasawa na muuza mbuzi. Swali lililobaki lilikuwa kama lina taa. Nilichukia sana, nikaona watu hawajui kuchagua. Leo nadhani walikuwa wanapima kitu pekee ambacho tusingeweza kuwadanganya, maana ukutani juu ya kichwa changu palikuwa na kibao: Bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtu anayenunua chini ya kibao kama hicho ana haki ya kunyanyua kwanza.

Mama Nderingo aliingia asubuhi moja ya Julai, mlima Meru umejifunika na baridi inapasua midomo. Alivaa sweta mbili juu ya kitenge, na hakunyanyua chochote.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Nimesikia mna spika zinamzunguka mtu."

"Zipo mama. Hizi hapa zina wati..."

"Ngoja kwanza. Mtu akikaa katikati, sauti zinamjia kila upande?"

"Kila upande, mama."

"Kama vile yuko ndani ya kwaya?"

Nilisema ndiyo, kwa kuwa boksi nalo lilisema hivyo. Ndipo akanieleza habari ya mumewe, amesimama wima mbele ya kaunta, mkoba ameukumbatia kifuani. Mwalimu Nderingo alikuwa ameifundisha kwaya ya usharika wao tangu ujana. Kwenye mazoezi aliwapanga kila sauti na pembe yake ya kanisa, yeye katikati. Kisha presha ya macho ikamchukua jicho moja, ikarudi ikachukua la pili, na tangu Pasaka alikuwa hajatoka nyumbani. Kanisa liko karibu kiasi kwamba mazoezi ya Jumamosi husikika sebuleni kwao, naye huomba dirisha lifungwe. Wanakwaya walikuja kumwita zaidi ya mara moja. Aliwajibu kwamba mwalimu asiyeona haongozi, anaongozwa, na yeye hakuzoea kushikwa mkono mbele ya watu. Sasa alikuwa ameanza kukataa na chakula. "Daktari anasema mwili hauna kitu," alisema Mama Nderingo. "Lakini mimi namwona anaondoka, mwanangu. Kila siku anaondoka kidogo." Mpwa wake aliyefunga ofisi ya utalii alikuwa amewaachia kompyuta, na mtu mmoja wa Themi alikuwa amezihamishia kaseti za kwaya kwenye diski. Zilikuwa zimebaki spika tu, na kahawa ya msimu ule ndiyo iliyozinunua. Alijitwika boksi akaondoka nalo, na Mzee Sefu akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye watu. "Huyu hakuuliza taa," alisema, akarudi kwenye pilau yake.

Baada ya wiki hivi alirudi, bila boksi. Hakugomba, na ningeona afadhali angegomba. "Haizunguki, mwanangu. Inatoka mbele tu. Amesikiliza wimbo mmoja, akarudi kitandani." Nilimwomba akae, nikaenda nyuma ya rafu ambako Mzee na Joakim walikuwa wanakula, lakini kabla sijawafikia nikasikia kwamba walishayasikia yote. Mzee alikuwa anasema kwa sauti ya chini kwamba tukianza kuwafuata wateja majumbani tutafika mpaka Monduli, na kwamba kibao kiko wazi. "Mzee," Joakim akajibu, "kibao kinasema bidhaa hairudi. Hakijasema mtu asiende." Vijiko vikagonga sahani. Kisha Mzee akasema basi Bi Huduma aende, tuione hiyo huduma ikoje. Mpaka leo watu wakiniuliza kazi yangu nilifundishwa wapi, huwa nataka kuwajibu kwamba nilifundishwa nyuma ya rafu ya betri, na watu ambao hawakujua kwamba nawasikia.

Sebule ya Mama Nderingo naikumbuka kuliko nyumba kadhaa nilizoishi. Sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, kalenda ya dayosisi, makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma mgongoni na mikononi, redio ya zamani chini ya kitambaa chake. Na juu ya kabati la vyombo, spika nne zimesimama mstari mmoja, bega kwa bega, kila moja imevishwa kitambaa kipya kilichofumwa kwa kipimo chake, chenye maua pembeni. Sanduku la besi lilikuwa limegeuzwa meza katikati ya chumba, limetandikwa vizuri, na juu yake chupa ya chai na vikombe. Nilijiuma midomo nisicheke. Majumbani kwetu kitu cha thamani hakiachwi uchi, na hakiwekwi mahali ambapo mgeni hatakiona. Mtu anunue kitu kwa kahawa ya msimu mzima, kisha akifiche nyuma ya kochi? Boksi lilikuwa na mzungu na mishale yake, lakini halikuandikwa popote kwamba msizivishe. Nami niliyelikariri boksi zima sikuwahi kuzifikiria sebule za watu, ingawa kwetu hata friji ilikuwa na gauni.

"Nimekosea wapi?" aliuliza Mama Nderingo.

"Hujakosea mama. Zinataka kukaa kwenye pembe, mbili mbele, mbili nyuma. Na zivuliwe."

"Zikae wazi? Na hili vumbi?"

"Wakati wa kusikiliza tu, mama."

"Na nyaya je? Huyu hataona nyaya. Ataanguka."

Hilo nalo halikuwa kwenye boksi. Tulizipitisha nyaya juu ukutani, kwenye misumari ya picha, tukazifunga kwa uzi wake wa kufumia, na kazi ikala mchana wote kwa sababu katikati yake alinikalisha nile loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, ya baridi, kwenye bakuli la bati. Alinitazama nikila kwa njaa ya usichana. Akasema taratibu kwamba huko chumbani yupo mtu aliyekuwa anaipenda sana hii kitu, siku hizi anaonja kijiko kimoja ili asimuudhi mpishi. Sauti yake haikutetemeka. Mimi ndiye niliyeshindwa kumaliza bakuli.

Niliweka kwanza diski ya majaribio iliyokuja na spika. Mvua ikanyesha kwenye pembe zote za sebule, kisha pikipiki ikatoka dirishani ikapita mpaka mlangoni, na juu ya sanduku la besi vikombe vikagongana. Mlango wa chumbani ukafunguka. Mwalimu Nderingo alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, mashavu yameingia ndani, kiganja kimoja kimeegemea ukuta. "Nani amepitisha pikipiki ndani kwangu?" aliuliza. Nikamwamkia, nikamweleza. Alikaa kwenye kiti tulichomwekea katikati, akataka ipite tena, na tena, huku uso umechangamka kama wa fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Mkewe alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, hathubutu kusogea. Kisha mwalimu akasema, "Haya. Sasa niwekee watu wangu."

Nikawaweka. Wimbo ukatoka kwenye spika zote nne kwa pamoja, na hata mimi nisiyejua muziki nilisikia kasoro: kila pembe ilisema kitu kile kile. Kaseti zile zilirekodiwa kwa maikrofoni moja mbele ya madhabahu. Wanakwaya wote waliingilia mlango mmoja, na hakuna spika inayoweza kuwatoa humo na kumrudisha kila mtu mahali pake. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. "Sauti ya pili walikuwa wanasimama kulia kwangu," alisema. "Besi kule nyuma. Hapa wamerundikwa wote." Akainuka, akapapasa ukuta, akaingia chumbani na kufunga mlango polepole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. Nilibaki na rimoti mkononi. Mama Nderingo alinisindikiza mpaka barabarani kama desturi, ingawa sikustahili kusindikizwa. Nilimwambia nitarudi. "Rudi basi," alisema. "Lakini usichelewe, mwanangu."

Nadhani ni siku hiyo nilipoacha kuwa mtu wa kukariri. Nililia dukani, mbele ya wateja, na Mzee Sefu akanifukuza niende nikalilie nyuma. Joakim ndiye aliyenifuata na wazo. Kama shida ni kurundikwa, alisema, basi tusiwarundike: kila sauti iimbe peke yake, irekodiwe peke yake, yeye ataipeleka kila moja kwenye spika yake. Aliinua vidole akahesabu: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi. Sauti nne, spika nne. Mzee alilalamika sana, akataja petroli, akataja siku njema ya biashara inayopotea, kisha akapakia kompyuta ya duka kwenye pikapu yake mwenyewe na kuendesha mpaka kanisani, akakaa benchi la nyuma na kofia yake ya vito, akisikiliza Walutheri. Haikuwa kazi rahisi. Watu waliozoea kuegemeana kwa sauti wakitengwa hupotea. Sauti ya pili, peke yao, waliimba kama wapangaji wanaoogopa kumwamsha mwenye nyumba, na besi wakaona ndio wakati wao wa kusikika. Hakukuwa na wa kuwasimamia, maana kijana aliyeachiwa kwaya alikuwa sauti ya tatu naye alitakiwa kuimba. Lakini tulizipata zote nne, na Joakim akazipanga.

Tulikwenda na diski sote watatu. Mzee Sefu alisema anataka kuona fedha yake ya petroli imefanya nini. Mama Nderingo alizivua spika vitambaa, moja moja, akavikunja, akamwita mumewe. Sikujua kama atatoka. Alitoka, kwa adabu ya kutomkatalia mgeni, akakaa. Wimbo ukaanza, na safari hii sauti ya kwanza ikaingia kutoka pembe yake, ya pili ikajibu kutoka kulia, na besi wakatoka nyuma kwa ngurumo. Aligeuza kichwa huku na huku. "Huyo ni Anaeli," alisema. "Bado anavuta pumzi katikati ya neno." Akataja wengine kwa majina, kila mmoja mahali alipo, na Mama Nderingo akakaa chini ghafla kwenye mkono wa kochi. Kisha mwalimu akasimama na kuinua mikono. Sijawahi kuona mtu akibadilika vile. Mgongo ulinyooka, kidevu kikapanda, nami nikasahau kabisa kwamba haoni. Nilimwangalia Joakim, naye akanikonyeza, tumeshinda.

Kwenye ubeti wa pili alikigeuza kiganja nyuma na kukishusha, kuwaambia besi wapunguze. Besi hawakupunguza. Akashusha tena, kwa nguvu zaidi, na besi wakaendelea na ngurumo yao. Mkono ulibaki hewani kidogo, halafu akaurudisha pajani, akasubiri wimbo uishe.

"Kazi nzuri," alisema. "Kila mtu yuko mahali pake. Lakini besi nimewaambia wapunguze."

"Kuna kitufe, mwalimu," Joakim alirukia. "Kwenye rimoti hapa, unapunguza besi utakavyo."

"Mimi sijawahi kupunguza mtu kwa kitufe, kijana." Akageukia upande wangu. "Binti, hii kitu inanisikia?"

Nilijua majibu yote ya boksi, na hakuna hata moja lililofaa. "Haisikii, mwalimu," nilisema. "Inasema tu."

Mzee Sefu alikohoa, akatazama kofia yake. Nilimwona Mama Nderingo amefumba macho, na nikaingiwa na hofu ambayo bado naweza kuionja: kwamba tulikuwa tumemfungulia mtu mlango, akaona nyuma yake ni ukuta, na sasa angerudi chumbani asitoke tena.

"Mlipowarekodi," mwalimu aliuliza, "nani alikuwa anawaongoza?"

"Hakuna," nilisema. "Walijiongoza."

"Nimesikia." Akakuna shavu. "Wameharibika kweli. Sauti ya pili wanaogopa. Mama, Jumamosi ni lini?"

"Kesho kutwa," mkewe alisema, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Nitafutie viatu."

Kazi niliyoifanya baadaye maisha yangu yote imetoka kwenye mchana ule. Mzee Sefu hakukibandua kibao chake, hakuwa mtu wa kubandua vibao, lakini tangu hapo mteja akiulizia spika za kuzunguka alimkalisha na kumuuliza nyumba yake ikoje, mlango uko wapi, na nani hasa atasikiliza. Wengine walimwona mzee mbea. Mimi nilimwiga, na dukani kwangu niliwafundisha hivyo wasichana wangu wote: sifa za kitu zimeandikwa kwenye boksi, mteja anaweza kuzisoma, lisiloandikwa ni yeye anataka nini, na mara nyingi hata yeye hajui. Mama Nderingo alidhani anataka sauti zimzunguke mumewe. Yeye mwenyewe mwalimu alidhani hivyo. Nisingeweza kuwauzia walichokitaka kweli, lakini ilibidi kwanza tukosee pamoja ndipo tujue ni nini.

Jumamosi ile nilikwenda, bila kutumwa na mtu. Aliingia kanisani amemshika mkewe begani, lile jambo aliloliogopa kuliko giza lenyewe, na wanawake wa sauti ya pili wakaanza kulia. "Anayelia akamalizie nje," alisema. "Pua iliyojaa haiimbi." Watu wakacheka, machozi na kicheko pamoja. Akawapanga kwa kuwaita, hawa pembe hii, hawa ile, akamwachia mkewe bega na kusimama peke yake katikati. Wimbo ulikuwa ule ule. Ulipofika ubeti wa pili alikishusha kiganja, na besi wakashuka, wakashuka tena, mpaka nikasikia pumzi za akina mama mbele yangu. Nililia bila aibu. Walipopumzika aliuliza kama mimi nipo, nikasogea, akanitafuta kwa mkono mpaka akaupata wangu.

"Zile spika zako ni nzuri, binti," alisema. "Waambie wateja wako, ni nzuri sana kwa mtu asiye na watu."

Nilimwambia nitawaambia. Lakini alikuwa ameshageuka, kwa sababu sauti ya tatu walikuwa wanapiga soga na yeye alitaka warudie tangu mwanzo.